Karatasi nayo ni mali

Kuna muchoraji mumoja wa Uingereza ambaye watu wengi hawamujui: Francis Towne. Alikuwa anafundisha kuchora mu muji wa Exeter. Pesa alipata, lakini heshima alikosa. Mara 11 aliomba kuingia mu Royal Academy ya London, mara 11 walimukatalia. Kwao alikuwa tu mwalimu wa kuchora, mutu wa mbali na kapitale.

Na hata hivyo, mu 1780 na 1781 Towne alikuwa Roma, anachora mabomoko ya zamani kwa kalamu, wino na rangi ya maji, juu ya karatasi. Hakuna mapambo ya bure: ukuta, kivuli, muti, basi. Ukiangalia leo, unaweza kusema ni mutu wa juzi njo alichora.

Mu 1816 alikufa. Zile kazi za Roma alikuwa ameziachia British Museum. Zilikaa mule miaka karibu 100, hakuna mwenye kuzijali, mpaka Paul Oppé akaandika juu yake mu 1920. Mu 2016, miaka 200 kisha kifo chake, ile makumbusho ikamufanyia maonyesho.

Mimi nasema wazi: talanta peke yake haikumuokoa Towne. Kilichomuokoa ni kabati yenye kufungwa vizuri. Karatasi inakufa haraka. Jua linakula rangi, maji yanaleta ukungu, muchwa unamaliza.

Sasa tuangalie kwetu. Albert Lubaki wa Bukama alikuwa anapamba kuta za nyumba. Mu 1926 Mubeleji mumoja wa serikali ya koloni, Georges Thiry, akamupa karatasi na rangi ya maji. Mu 1929 kazi zake zilionyeshwa Bruxelles. Leo nyingi ziko Ulaya. Mutoto wa Bukama atazionea wapi?

Kulaumu Wazungu ni rahisi, lakini hakutoshi. Wachoraji wetu wa leo, karatasi zao ziko chini ya kitanda, bila jina, bila mwaka. Tuanze na kidogo: andika jina na tarehe nyuma, weka pakavu pasipo jua, toa moja ku mize. Na mize nayo iandike kila kitu inapokea. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.