Mguu bandia bila mafunzo ni mzigo kwa mkazi wa Garsen

KWA mkazi wa Garsen aliyekatwa mguu, safari ya kutafuta mguu wa bandia huanza kwa hesabu ya nauli. Karakana za viungo bandia zilizo mashuhuri katika Pwani ziko Mombasa, ikiwemo ile ya Chama cha Walemavu wa Viungo nchini (APDK) kule Port Reitz, zaidi ya kilomita 200 kutoka Garsen. Wala safari si moja. Kwanza umbo la kigutu huchukuliwa kwa plasta; kisha mgonjwa hurudi kuujaribu mguu; kisha hurudi tena unapombana au kumlegea. Anayetembea kwa magongo huhitaji kusindikizwa, hivyo nauli ni ya watu wawili kila mara.

Lakini mguu wenyewe si tiba nzima, na hapa ndipo mipango mingi huenda mrama. Kabla ya kuuvaa, kigutu sharti kifungwe bendeji ili uvimbe upungue, na goti na nyonga zifanyishwe mazoezi zisikakamae. Goti likiganda katika hali ya kujikunja, hata mguu uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa hautamfaa mwenyewe. Baada ya hapo hufunzwa upya kusimama, kuuegemea mguu bila hofu, kupanda ngazi na kuikagua ngozi kila jioni, hasa akiwa na kisukari, kwa sababu huenda asihisi kidonda kinapoanza. Kigutu nacho huendelea kusinyaa katika miezi ya kwanza, na kikombe kinachokibeba hulegea. Mtoto hukua, na aghalabu huhitaji mguu mpya kila mwaka.

Kazi hizo ni za watu wawili: mtaalamu wa mazoezi ya viungo na fundi wa viungo bandia. Wakiwekwa katika miji miwili, mmoja husema mguu umekosewa, mwingine husema mgonjwa hana bidii, na mgonjwa hubaki na mguu uliosimamishwa nyuma ya mlango. Wakiwa chini ya paa moja, mmoja humwona akichechemea, mwenzake hurekebisha mguu papo hapo, na mgonjwa hujaribu tena kabla ya adhuhuri. Hivyo ndivyo inavyofanyika katika Hospitali ya PCEA Kikuyu, ambako upasuaji, karakana na mazoezi ya viungo vinapatikana pamoja. Nchini Tanzania, chuo cha TATCOT kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifunza mafundi wa viungo bandia tangu 1981.

Mazingira ya Tana River yanaipa hoja hii uzito zaidi. Mfugaji wa Kiorma hutembea mwendo mrefu mchangani. Mkulima wa Kipokomo hushuka kwenye tope la ukingo wa mto na kuingia mtumbwini. Mwislamu hutawadha na kusujudu. Mazoezi kwenye sakafu laini ya Mombasa hayamwandai mtu kwa lolote kati ya hayo.

Je, wahitaji ni wangapi? Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban asilimia 0.5 ya watu huhitaji viungo bandia au vifaa vya kutegemeza viungo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 Tana River. Kwa kipimo hicho, wahitaji hukaribia 1,600.

Pingamizi linalotarajiwa ni gharama, na si la kupuuzwa: mafundi ni wachache na mitambo ni ghali. Hata hivyo, si lazima kila kitu kitengenezwe Garsen. Kazi nzito inaweza kubaki Mombasa, huku plasta, majaribio, marekebisho na mazoezi yakifanyika katika kliniki moja karibu na njia panda ya Minjila, zinapokutana barabara za Malindi, Lamu na Hola. Fundi akija kwa siku maalumu, mtaalamu wa mazoezi awepo siku hizo hizo. Kungoja karakana kamili ni kungoja sana, na mafuriko ya 2023 na 2024 yaliyokata barabara katika eneo hilo yalionyesha hatari ya kutegemea mji wa mbali.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo, na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kinachovutia viongozi wetu, kwa bahati mbaya, ni hafla: viti vya magurudumu na miguu vikapangwa mbele ya kamera, hotuba zikatolewa, na wiki ya pili hakuna wa kukaza skrubu.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Mkazi anayehudhuria vikao vya maoni ya bajeti asiulize tu ni miguu mingapi itakayonunuliwa. Aulize pia iwapo mmetengwa mshahara wa fundi, mshahara wa mtaalamu wa mazoezi, na chumba kimoja cha kuwatosha wote wawili.