Simba Asiye na Nyusi

Mwaka 1994 Disney walituletea Simba wa kuchorwa. Mwaka 2019, chini ya uongozi wa Jon Favreau, wakamrejesha akiwa na manyoya na vumbi la kweli. Kweli ya kompyuta, lakini, maana hata huyo hakuwahi kukanyaga mbuga. Mashabiki wengi walinung'unika kwamba uso wake haubadiliki, nami ni mmoja wao. Shibli anamsukuma Mufasa aliyekwisha kufa, sauti inalia, uso umetulia kama wa mnyama aliyeshiba. Ndivyo simba alivyo, wajuzi watanijibu. Naam, wa porini hana nyusi za kukunja. Mchoraji alimpa nyusi kwa idhini ileile inayomruhusu mtunzi kulirefusha neno kwa mazida, pale mizani inapodai. Kumnyang'anya ni kulifumua shairi liwe nathari, kisha kujisifia usahihi.

Majina mengi, alhamdulillahi, hayakuguswa: Sarabi angali mazigazi, Pumbaa angali kitenzi kilichovishwa ujina. Kwa hayo nilifumba macho nikasikiliza tu.