Fyuzi Nzima, Gari Limeungua

Noah ya jirani yangu wa Mfaranyaki ilitoka kwa fundi siku ya Alhamisi ikiwa na sabufa mbili na amplifaya nyuma ya kiti cha mwisho. Jumapili yake, ikirudi harusini, muziki ulikatika ghafla. Kabla dereva hajauliza kulikoni, moshi ulikuwa unapanda kutoka chini ya kapeti, pale pale miguuni pake. Waliokuwa ndani waliruka. Mmoja mwenye akili akafungua boneti na kung'oa kichwa cha betri, na ndiyo sababu gari lile bado lipo, ingawa kapeti na kiti cha dereva havikupona.

Kesho yake tulipofungua nyuma tulikuta fyuzi ya ampia 100 imefungwa shubiri moja tu kutoka kwenye amplifaya. Nzima kabisa, inang'aa. Fundi akaiinua kama kidhibiti cha mahakamani: "Bosi, mnaona wenyewe, haijakatika. Kwa hiyo shida si waya wangu." Na watu wazima, akiwemo mwenye gari, wakaafiki.

Ugomvi wangu ni na kule kuafiki. Hapa Songea mjini karibu kila mtu anayefunga muziki kwenye gari anaamini kwamba fyuzi iko pale kulinda amplifaya, na sidhani kama Njombe au Mbeya wana nafuu. Imani hiyo si kweli, na inaunguza magari. Fyuzi ya waya mkuu inalinda waya. Amplifaya ikipona, imepona kwa bahati yake.

Fuata njia ya umeme uone. Waya unatoka kwenye chanya ya betri, unapenya tundu la chuma kuingia ndani, unapita chini ya kapeti kando ya mlango, mita nne au tano hadi nyuma. Njia nzima hiyo umezungukwa na bodi ya gari, na bodi ya gari ndiyo hasi. Kinachotenganisha chanya na hasi ni ganda la plastiki peke yake. Barabara ya kwenda Mbinga ina kona za kutosha kulisugua ganda hilo kwenye ukingo wa tundu mpaka litoboke, hasa kama fundi hakuweka mpira pale. Likitoboka, betri nzima inapiga shoti na mamia ya ampia yanapita kutoka betri hadi kwenye tundu, kisha yanarudi kwa njia ya bodi. Hayafiki nyuma. Ile fyuzi ya shubiri moja kutoka kwenye amplifaya haipitiwi na chochote, itakatikaje? Ni koki iliyofungwa mwisho wa bomba: bomba likipasuka katikati, zungusha koki utakavyo, maji yatamwagika tu.

Kwa hiyo ile fyuzi nzima ya Noah haikuwa ushahidi wa kumtetea fundi. Ilikuwa ushahidi wa kumtia hatiani.

Nimejibiwa kwamba amplifaya yenyewe huja na fyuzi ubavuni, na walioitengeneza si wajinga. Si wajinga hata kidogo. Lakini fyuzi ile hukatika pale ambapo vipuri vya ndani vimeshaungua na kuanza kuvuta umeme kupita kiasi. Haiji kumtibu mgonjwa, inakuja mazishini, kuhakikisha moto haumfuati aliyekwisha kufa. Nayo haijui lolote kuhusu mita tano za waya zilizo nyuma yake.

Jambo linaloilisha imani hii, nadhani, ni dharau kwa voti 12. Mtu anashika vichwa vya betri kwa mikono mitupu na hatetemeki, basi anahitimisha kwamba umeme wa gari ni mdogo. Voti ndizo ndogo. Ampia ni kubwa kuliko anavyodhani, na kinachochemsha waya ni ampia.

Songea tuna mfano juu ya vichwa vyetu. Tangu 2018, tulipoachana na majenereta ya dizeli na kuunganishwa na gridi ya taifa, umeme wetu unakuja kutoka Makambako kwa njia ya msongo wa kilovoti 220, kilomita zipatazo 250. Kwa nini TANESCO wahangaike na voti 220,000? Kwa sababu voti zikipanda, ampia zinashuka kwa kazi ile ile. Chukua megawati 10, mzigo wa kutosha kuendesha mji: katika msongo ule, kila waya kati ya nyaya tatu za njia ile unabeba ampia 26 hivi. Sasa rudi kwenye Noah. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli, ya aina ya zamani inayopoteza nusu ya umeme kwa joto, inavuta ampia zaidi ya 70. Waya uliojificha chini ya kapeti unabeba ampia nyingi kuliko ule unaoning'inia kwenye minara.

Baada ya hapo, nenda kamwangalie fundi anayevuta waya wa milimita za mraba 2.5 wa kufungia soketi za nyumba na kuuingiza kwenye gari kwa kuwa "huu ndio unaobeba hata jiko". Unabeba jiko kwa voti 230. Ukiupitishia ampia 60 kwa mita tano, unapoteza voti mbili nzima njiani, na joto linalobaki kwenye waya ni wati 120 na ushee. Hizo ni balbu mbili za zamani za wati 60 zinazowaka chini ya kapeti lako. Waya wa shaba wa milimita za mraba 21, ule unaouzwa kwa jina la geji 4, kwa mzigo huo huo unapoteza robo ya voti na wati 15 tu. Anayechanganywa na namba akumbuke bati: geji 30 ni jepesi kuliko geji 28, na nyaya ni hivyo hivyo, namba ikipungua unene unaongezeka.

Mpangilio sahihi basi ni kinyume cha ule wa vibandani kwetu. Kwanza ujue amplifaya inavuta ampia ngapi, kisha uchague waya unaozibeba kwa urefu wa gari lako bila kupata joto, na mwisho kabisa uchague fyuzi isiyozidi uwezo wa waya. Geji 8 isivuke ampia 60. Geji 4 ya shaba, 100 inatosha. Waya wa kwenda kwenye bodi uwe na unene ule ule, jambo ambalo halihitaji maneno zaidi.

Ampia za amplifaya usizisome kwenye boksi. Boksi limeandikwa wati 5000 kwa herufi za dhahabu, lakini geuza mashine ubavuni uhesabu fyuzi zake. Mbili za ampia 30, zile za kijani? Jumla ni 60, na gari linalounguruma lina voti 13.8 hivi. Zidisha: wati 828 zinaingia. Zinazoingia ni 828, zinatokaje 5000? Wati 5000 zingetaka ampia zaidi ya 360. Fyuzi ndogo ya ubavuni imesema ukweli ambao boksi liliona aibu kuusema.

Sasa nije kwenye dhambi kubwa kuliko zote. Fyuzi inakatika, fundi anasema, "Hii ni ndogo, nakuwekea ya 60," na hiyo nayo ikikatika anaviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au anaunga dairekti. Nimkubalie kitu kimoja: mara nyingine fyuzi kweli ni ndogo. Kama waya ni geji 4 safi na fyuzi ni ya 60, una ruhusa ya kupanda hadi 100, kwa kuwa waya umeruhusu. Lakini fyuzi si kitu chepesi kukasirika. Hizi bapa za magari, ya ampia 30 ikipitishiwa 33 inaweza kukaa masaa 100 bila kukatika. Ikipitishiwa mara mbili ya kiwango chake ndipo inaondoka ndani ya sekunde tano. Ukiona inakatika kila wiki, kuna kitu kinachovuta umeme kwa nguvu. Anayeiongeza bila kuangalia waya ameugeuza waya kuwa fyuzi, na waya hauna kiboksi cha kuungulia ndani yake. Una kapeti.

Kuna pia utapeli wa waya mnene. Seti nyingi zinazoshuka kutoka Kariakoo zina ganda nene la kupendeza, jekundu au la bluu, na ndani yake kuna alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo hata unene ungekuwa wa kweli, geji 4 ya namna hiyo haifanyi kazi ya geji 4. Vua ganda, chukua nyuzi mbili tatu uzikwangue kwa wembe: shaba itabaki nyekundu mpaka ndani, ya kupakwa itageuka nyeupe. Tulifanya hivyo kwa waya wa ile Noah. Ulikuwa mweupe kama bati jipya.

Wewe msomaji mwenye muziki ndani ya gari, zima gari leo jioni, fungua boneti, na ufuate waya mwekundu kwa macho kutoka kwenye betri. Wazee walipima kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, sentimita 45 hivi, na hicho ndicho kipimo wanachotumia mafundi makini duniani: weka ncha ya kidole kwenye betri, na fyuzi isikae mbali kuliko kiwiko chako. Usipoiona, chomoa hasi ya betri, kisha ule waya, na uende kwa fundi ukiwa umepanda bodaboda.

Jirani yangu amefunga muziki upya, kwa waya wa shaba, na tundu limewekwa mpira. Fyuzi hakununua nyingine. Ni ile ile ya ampia 100, ila sasa iko vidole vinne kutoka kwenye betri.