Rupia ya Kaiser isiuzwe

Wanunuzi wa sarafu za kale wanazunguka tena vijijini. Mmoja alinifuata sokoni Kiboriloni akitaka rupia ya marehemu bibi yangu, kwa bei isiyotosha kununua kuku. Nilimkatalia, na nawaomba Wachaga wenzangu wenye rupia za Mjerumani sandukuni wakatae vilevile.

Yangu ni ya mwaka 1890, ya fedha, gramu 11 na ushei. Upande mmoja ina simba na mti, nembo ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande wa pili yupo Kaiser wa Ujerumani, Wilhelm wa Pili, na masharubu yake, tai kamtulia juu ya kofia ya chuma, na maandishi yanamzunguka: GUILELMUS II IMPERATOR. Kilatini, cheo cha watawala wa Roma! Sijui nani Moshi angekisoma, labda mapadre wa Kilema.

Hila hiyo ya mtawala kujichora kwenye sarafu ni kongwe. Tiberius naye aligonga kichwa chake kwenye dinari, na waumini wanajua dinari ya Kaisari ilivyozua swali la kodi kule Yerusalemu. Kwetu kodi ya nyumba ilianza 1898, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Asiyekuwa na cha kuuza ilimbidi akafanye kibarua kwa Mzungu. Hivyo Wilhelm aliingia kwenye vihamba vyetu bila kukanyaga Kilimanjaro hata siku moja. Kileleni nako Mjerumani Hans Meyer alikuwa ameshabandika jina la Wilhelm mwaka 1889, na jina la Uhuru likaja 1961.

Sasa fikiria Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na inasadikiwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wazao wake wamekitafuta miaka na miaka. Wajerumani wamekaa na vichwa vya wazee wetu. Sisi tumebaki na kichwa cha mfalme wao kwenye kipande cha fedha, na hicho nacho tukiuze kwa dalali?

Mwenye rupia aipeleke kwa mwalimu wa historia wa shule ya jirani, watoto waishike, waulize babu wa babu yao aliipataje, kisha arudi nayo nyumbani. Na halmashauri zetu zitenge walau kabati moja la kioo, lenye kufuli, kwa watakaokubali kuziazima.