Vifaa vya Hospitali Vihesabiwe kwa Ajili ya Wagonjwa

Kutoka mjini Handeni hadi Korogwe ni kilometa 65 za lami, na kutoka Korogwe hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga, ni safari nyingine ya kiasi cha kilometa 100. Mgonjwa anayesafirishwa katika njia hiyo kwa sababu ugonjwa wake umezidi uwezo wa hospitali ya wilaya hana wa kumlaumu. Lakini yupo pia mgonjwa anayesafirishwa kwa sababu mashine ambayo ingemhudumia papo hapo imekufa. Huyu anayo haki ya kuuliza: mashine hiyo ilikufa lini? Nani aliambiwa? Kipuri chake kiliagizwa siku gani? Swali hili latazamiwa kuwa na jibu lililoandikwa mahali fulani, na kuandikwa huko ndilo jambo tunalotaka kulizungumzia leo.

Hapana shaka kwamba Serikali imetumia fedha nyingi kununua vifaa tiba. Katika mwaka wa fedha 2018/19 ulianza ujenzi wa hospitali 67 za wilaya nchini, na mwaka 2021 mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19 ulitumika, pamoja na mambo mengine, kununua mashine za eksirei, mashine za CT na vitanda vya wagonjwa mahututi. Hayo si haba. Lakini kununua ndiyo sehemu nyepesi ya kazi, kwani siku ya kupokea mashine hupigwa picha, na siku ya kubadilisha kichujio chake haipigwi. Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walikusanya orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo. Kati ya vifaa zaidi ya 112,000 vilivyoorodheshwa, asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Sababu walizozitaja ni ukosefu wa mafunzo, udhaifu wa usimamizi na upungufu wa huduma kama vile umeme na maji. Msomaji wa Handeni, aliyezoea kuhesabu ndoo za maji, hahitaji kufafanuliwa hilo la mwisho.

Je, hatuna madaftari? Tunayo. Wizara ya Fedha inao mfumo wa kompyuta wa kusimamia mali za Serikali, uitwao GAMIS. Hospitali nazo zina mfumo wa GoT-HoMIS wa kuandikisha wagonjwa, malipo na dawa. Hatuna ugomvi na mifumo hiyo. Ila yafaa kutambua kwamba mhasibu na fundi hawaitazami mashine kwa jicho moja. Mhasibu huuliza ilinunuliwa kwa bei gani, thamani yake imeshuka kiasi gani, na kama bado ipo chumbani mwake. Akiikuta ipo, huweka alama ya vema na kupita. Mashine iliyokufa miezi minane iliyopita, ikawa meza ya kuwekea mafaili, hupata alama hiyo hiyo ya vema. Kwa mkaguzi mali ipo. Kwa mgonjwa haipo.

Chukua mfano wa mtambo mdogo wa oksijeni, ule unaovuta hewa ya kawaida ya chumbani na kuichuja. Ndani yake mna chembechembe za madini ya zeolaiti zinazoshika naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Vumbi likiziba kichujio cha nje, na unyevu ukiingia katika chembechembe hizo, uwezo wa kuchuja hupungua kidogo kidogo. Hatari iko hapa: mtambo hauzimi. Taa yake huwaka, injini yake huvuma, na hewa hutoka katika mrija kama jana. Shirika la Afya Duniani linataka hewa hiyo iwe na oksijeni isiyopungua asilimia 82, lakini hewa tunayovuta sote bure ina asilimia 21 tu. Muuguzi hawezi kulitambua tofauti hilo kwa macho. Mitambo mingine ina king'ora cha kuonya, lakini king'ora nacho huharibika. Mtoto mwenye homa ya mapafu anaweza kufungwa mrija puani usiku kucha akapewa hewa isiyotofautiana sana na ile ya uwanjani. Kinachohitajika ni kipimo kidogo cha oksijeni, mtu anayejua kukitumia, na daftari linalomwambia kwamba mtambo huu ulipimwa mara ya mwisho tarehe fulani na leo ni zamu yake tena.

Hiyo ndiyo kazi ya programu ya kusimamia vifaa. Kila kifaa hupewa namba yake, na chini ya namba hiyo huandikwa aina, mtengenezaji, mwaka kilipoanza kutumika, wodi kilipo, kila tengenezo lililofanywa, kila kipuri kilichobadilishwa na siku ambazo kifaa kilikaa bila kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo juu ya mambo haya mwaka 2011. Taasisi ya Tiba ya Tropiki na Afya ya Jamii ya Uswisi imebuni programu ya namna hiyo iitwayo openMEDIS, ambayo hutolewa bila malipo. Kwa hiyo bei ya programu si kisingizio. Kwa kweli hata daftari la kurasa mia mbili lingefanya sehemu kubwa ya kazi hii kama lingejazwa kwa uaminifu. Kompyuta hulishinda daftari kwa mambo mawili: hukumbusha siku ya matengenezo kabla haijapita, na huonyesha kwa mara moja vifaa vilivyo katika vituo vingi vilivyo mbalimbali.

Jambo hili la pili ndilo lenye uzito kwetu. Wilaya ya Handeni ilipogawanywa, Kilindi ikawa wilaya yake mwaka 2002. Leo Handeni na Korogwe zenyewe zina halmashauri nne, yaani ya wilaya na ya mji kila upande, na kila moja ina bajeti yake, stoo yake na orodha yake. Kwa mpango huo, kifaa kinaweza kukaa katika kasha lake upande mmoja kwa kukosa mtumiaji, na upande wa pili, mwendo wa saa moja kwa gari, wakawa wanaandika barua ya kukiomba kutoka Dar es Salaam. Orodha moja ya halmashauri nne ingeondoa aibu hiyo. Ingewezesha pia fundi mmoja mwenye ujuzi, pamoja na kipimo chake kimoja cha oksijeni, kuzunguka kwa ratiba badala ya kila hospitali kusubiri fundi wake ambaye hajaajiriwa.

Wako watakaosema kwamba wahudumu wa afya wamechoka na mifumo. Wana haki. Muuguzi aliye zamu peke yake anajaza vitabu vya MTUHA, anaingiza malipo katika kompyuta, na bado wodi nzima inamsubiri. Kumwongezea orodha ya mashine ni kumfundisha kuandika uongo wa haraka haraka saa ya kukabidhi zamu. Kazi hii ni ya fundi wa vifaa tiba, na muuguzi adaiwe jambo moja tu, kutoa taarifa kifaa kinapoharibika. Mafundi hao wanafundishwa humu humu nchini, katika Chuo cha Ufundi Arusha na katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam.

Wala isisemwe kwamba nidhamu ya namna hii ni ngeni katika sehemu zetu. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki katika vituo hivyo. Jaribio la aina hiyo halivumilii jokofu lisilojulikana joto lake la jana. Tofauti ni kwamba utafiti ulikuwa na fedha za kuweka kumbukumbu na watu waliolipwa kwa kazi hiyo, ilhali wodi ya kawaida huachiwa nia njema.

Fedha, basi. Wataalamu hukadiria kwamba kutunza kifaa tiba hugharimu kila mwaka kama asilimia tano ya bei yake. Kifaa cha shilingi milioni 100 kinadai kama milioni tano, hata mwaka ambao hakikuharibika. Kifaa cha msaada nacho kinadai vivyo hivyo, ingawa hati ya makabidhiano haisemi. Programu bila fungu hilo itakuwa orodha nzuri ya vitu vilivyokufa, iliyopangwa kwa alfabeti.

Madiwani wa halmashauri zetu nne watakapoketi kupitisha bajeti, twawaomba wasiridhike na kifungu cha ununuzi wa vifaa vipya. Wadai kuwekewa mezani ukurasa mmoja unaoonyesha kila hospitali na kila kituo cha afya kina mashine ngapi, ngapi zinafanya kazi, na zile zisizofanya kazi zimesubiri vipuri kwa siku ngapi. Mganga Mkuu atakayeshindwa kuuleta ukurasa huo asikaripiwe kwanza. Aulizwe ni fundi gani aliyepewa wa kuuandika.