Kura ya Mwanafunzi Irudi kwa Mwanafunzi

Mwaka wa 2016 Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati ya kusimama peke yake, baada ya miaka mitano ya kuwa chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyowaondolea wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya haki ya kumpigia kura kiongozi wao moja kwa moja. Kila kundi la wapiga kura litoe wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio wachague viongozi.

Tulikuwa Ndara, karibu na Voi, tukilizungumza jambo hili baada ya Alasiri. Mzee mmoja akanikatiza: “Ubaya uko wapi, maalim? Hiyo si ndiyo shura?”

Hoja yake si nyepesi. Sayyidna Umar, akiwa na jeraha la mauti, aliwateua watu sita wamtoe khalifa miongoni mwao. Lakini aliyesoma sira atakumbuka alivyofanya Abdurrahman bin Auf. Alijitoa katika kugombea, kisha akazunguka Madina siku tatu akiwauliza watu, wakubwa kwa wadogo, hata wanawake majumbani mwao. Ndipo akampa mkono Sayyidna Uthman. Wajumbe wetu hawa watatu sheria imewalazimisha wamuulize nani?

Wakubwa walisema kura ya wote ilileta fujo na fedha. Fedha zilimwagwa kweli, wala siwatetei waliozimwaga. Lakini aliyeweza kuwanunua maelfu atashindwaje na wajumbe wachache? Kazi yake imepunguzwa! Zuri moja la sheria ile nalikubali: mwenyekiti na makamu wake wasiwe wa jinsia moja.

Na kiti chenyewe si cha mchezo. Tito Adungosi, mwenyekiti wa wanafunzi wa Nairobi, alifungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka 1988.

Vijana wetu wengi huko vyuoni hutosheka na jumuiya yao ya Kiislamu: darsa, futari, Ijumaa. Ni kheri kubwa, lakini mambo ya karo na malazi husemewa katika baraza la wanafunzi wote. Waingie humo. Nasi wazazi, wabunge wa Pwani watakapotujia kuomba kura zetu, tuwaulize kwanza habari ya kura ya watoto wetu.