Kwanza Alituliza Dhoruba



Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Kenya, Serikali iliamuru shule zote zifungwe. Tulidhani itakuwa likizo ya majuma machache. Wanafunzi walio wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 4 Januari 2021. Tangu hapo tumewaombea marehemu wetu na kuwasaidia waliopoteza kazi, na tulifanya vema. Lakini lipo jeraha moja ambalo katika parokia zetu hatujalitazama sawasawa, nalo ni hofu iliyowashika vijana wetu wa kati ya miaka 13 na 19.

Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mnamo Desemba 2020 mama mmoja aliniletea binti yake aliyekuwa akitarajiwa kurudi kidato cha tatu katika shule ya bweni. Alisema binti amekuwa mvivu: usiku halali, mchana hataki kuinuka, na kila akisikia habari za shule tumbo linamsokota na moyo unamwenda mbio. Nilimwombea, nikampa rozari, nikamwambia kwamba mwenye imani haogopi. Sikutumia hata dakika 10. Miezi kadhaa baadaye, shule ikiwa imemshinda na yuko nyumbani, aliniambia kwa adabu, “Padre, rozari nilikuwa nayo. Nilitaka mtu aniulize ninaogopa nini.”

Nikamwuliza, japo nilikuwa nimechelewa. Walikuwa wakiishi chumba kimoja pamoja na nyanya yake. Miezi yote ile aliambiwa, “Ukitoka nje utamletea nyanya kifo.” Aliamini. Makanisa yalipofunguliwa kwa masharti mwezi wa Julai, wazee wa zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani, naye akaona kwamba hata Kanisa linamhofia nyanya. Sasa watu wale wale walimtaka akalale bwenini na wasichana wengi, kisha arudi likizo katika chumba kile kile. Zaidi ya hayo, baba alikuwa ameachishwa kazi na karo haikujulikana itatoka wapi. Binti huyu hakuwa mvivu, wala hakukosa imani. Alikuwa akimpenda nyanya yake, na hakupata mtu mzima hata mmoja wa kumsaidia kubeba mzigo ule.

Katika Injili ya Marko, sura ya 4, mitume wanapigwa na tufani ziwani nao wanapiga kelele kwa woga. Ndiyo Injili aliyoitafakari Baba Mtakatifu Fransisko tarehe 27 Machi 2020, akiwa amesimama katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro. Tuangalie jinsi Marko anavyoyapanga matendo ya Bwana. Anaamka, anaukemea upepo, bahari inatulia. Ndipo anawauliza kwa nini waliogopa. Kwanza alituliza dhoruba, swali juu ya imani likafuata. Sisi tuliugeuza mpango huo. Tuliwahoji vijana juu ya imani yao huku maji yakiwa yangali yakijaa mashuani.

Tena dhoruba ilikuwa ya kweli. Mwezi wa Julai 2020 wanafunzi walitangaziwa kwamba mwaka wao wa masomo umepotea. Mwezi wa Oktoba waliokuwa darasa la nne, la nane na kidato cha nne wakaitwa warudi. Amri ya kutotoka nje usiku ilipoanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi na kufa akiwa kwenye roshani ya nyumba yao jijini Nairobi, siku chache tu baada ya amri hiyo. Shule zilipofunguliwa, muda uliopotea ulitafutwa kwa kubana mihula: kati ya Julai 2021 na Novemba 2022 wanafunzi walipitishwa katika miaka miwili kamili ya masomo. Mwishoni mwa 2021 mabweni mengi yaliteketezwa kwa moto. Sitetei uchomaji wa shule. Ni kosa, na huhatarisha maisha ya wasio na hatia. Nasema tu kwamba tuliuliza upesi nani aadhibiwe, na wachache wetu waliuliza watoto wale walikuwa wamebeba nini.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi wa Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, maradhi ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba vijana ni miongoni mwa walioumia zaidi. Basi haya si mambo ya nyumba moja, wala si deko la watoto wa siku hizi.

Najua wazee watasema, “Sisi tulivumilia makubwa.” Ni kweli, tulivumilia. Lakini katika njaa na taabu zetu tulikuwa na shule, kanisa, uwanja wa mpira na majirani. Hakuna aliyetuambia kwamba pumzi yetu inaweza kumwua mzazi. Wengine watasema ni kazi ya shetani, na dawa ni maombi. Mimi ni padre, na maombi ndiyo kazi yangu. Lakini mtoto akivunjika mguu tunamwombea tukiwa njiani kwenda hospitali. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2282, inafundisha kwamba fadhaa kubwa ya nafsi na hofu kali hupunguza lawama ya mtu aliyejitoa uhai. Ikiwa Mama Kanisa ana huruma hiyo kwa aliyekwisha kufa, sisi tunakosaje huruma kwa aliye hai?

Hili ni suala la haki. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na afya ya akili ni afya. Hata hivyo, kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mahakama imeondoa pingu. Aibu iliyobaki iko nyumbani mwetu na kanisani mwetu, na hiyo hakuna hakimu wa kuiondoa.

Tufanye nini basi? Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iweke jioni moja kwa mwezi ambapo vijana watasema na wazee watasikiliza. Halmashauri ya Walei ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye siri na heshima, wafundishwe ushauri nasaha, wakae mahali panapoonekana na wote. Wazazi, ulizeni, “Unaogopa nini?” kisha nyamazeni mpaka jibu litoke. Kijana akikosa usingizi au hamu ya chakula kwa majuma mawili, apelekwe kwa mganga wa zahanati au hospitali. Akitaja kifo, asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Waliokuwa na miaka 14 mwaka 2020 sasa ni watu wazima. Wako katika kwaya zetu, kwenye vituo vya bodaboda na vyuoni. Wengine hatuwaoni tena. Bado inawezekana kuwauliza. Yule binti nilimwomba msamaha, akanisamehe. Yawezekana katika nyumba yako yuko anayengoja kuombwa vivyo hivyo.

Amani ya Kristo iwe nanyi.